Mfunge Mnyama Wako Garini, Lakini Si Shingoni

Mnyama wa nyumbani afungwe akiwa ndani ya gari? Ndiyo, hata safari ikiwa ya dakika tano. Kazi ni kujua umfunge wapi na kwa kitu gani, maana ukimfunga vibaya kamba yenyewe inaweza kumuua.

Tuanze na hesabu. Mbwa wa kilo 20 aliyemo kwenye gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa naye yuko kwenye kasi hiyo hiyo. Gari likigonga, yeye bado anakwenda. Kumsimamisha ndani ya nusu mita kunataka nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400. Paka wa kilo 4? Kama kilo 80, na hapo kuna abiria anayeamini kumpakata kunatosha.

Ndiyo maana shingo haifungwi. Mkanda wa shingoni ni wa kutembea naye tu. Garini, mshtuko wote huishia kwenye koromeo na pingili za shingo. Anachohitaji mbwa ni mkanda wa kifua, mpana, unaozunguka kifua na mabega. Ukaze mpaka vidole viwili tu vipenye kati yake na mwili. Dukani, ugeuze utazame pale kamba inaponasa: pete iwe ya chuma, na mshono uwe umerudiwa mara kadhaa, si mstari mmoja wa uzi. Mikanda mingi humzuia mbwa asimsumbue dereva, basi. Ajali ikitokea, vifungo vya plastiki ndivyo hupasuka kwanza. Tafuta uliojaribiwa kwa ajali.

Kamba iwe fupi: aweze kukaa na kulala, asifike ukingo wa siti. Ukiirefusha kwa huruma, unampa nafasi ya kurushwa mbali kabla kamba haijamkamata. Zile zinazochomekwa kwenye kifungo cha mkanda wa siti zina ila yake: mbwa hukanyaga kitufe na kamba ikachomoka. Gari likiwa na vile vyuma vya kushikia kiti cha mtoto, vilivyojificha pale mgongo wa siti unapokutana na kalio lake, nasa hapo, mradi kamba yako imetengenezwa kwa ajili hiyo.

Siti ya mbele hapana. Mfuko wa hewa ukifumuka humpiga mnyama usoni.

Paka asafiri ndani ya kasha gumu. Liweke sakafuni nyuma ya siti ya mbele, kisha irudishe siti hiyo nyuma mpaka ilibane kidogo. Wengi hulipandisha sitini na kulizungushia mkanda, wakidhani wamefanya la maana; makasha mengi ya plastiki hayahimili, mkanda huyapasua na kumkandamiza aliyemo. Fanya hivyo pale tu maelekezo ya mtengenezaji yanaporuhusu. Tandika taulo ndani ili asiteleze. Na kasha lisitokee siku ya safari tu: liache wazi nyumbani wiki moja au mbili, umlishie humo, la sivyo utalipia kwa mikwaruzo.

Mbwa mkubwa anayekaa kwenye kreti, yaani kizimba cha kusafiria, aweze kusimama, kujigeuza na kulala. Kreti ikizidi hapo, atarushwarushwa humo humo. Nayo ifungwe, kreti isiyofungwa ni mzigo mwingine wa kuruka.

Nyuma ya pikapu ndiko balaa lenyewe lilipo. Mbwa aliyefungwa kwa kamba ndefu huruka ukingo, akaning'inia na kujinyonga huku dereva hana habari. Kama lazima akae huko, awe ndani ya kreti iliyofungwa kwenye bodi pande zote.

Mkifika, shika kamba yake ya kutembelea kwanza, ndipo umfungue kutoka kwenye siti, na mlango uwe wa mwisho. Wengi hubadili mpangilio huo, na mbwa hutoka mbio moja kwa moja barabarani.