Muulize Shangazi: Akina Sokoine wamekwenda wapi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume. Baba mkwe wangu anaitwa Sokoine, kazaliwa 1984, na mama mkwe anataka mjukuu arithi jina hilo. Mimi na mume wangu tulishachagua Jayden. Akina Sokoine ninaowajua huku Kongwa wote ni rika la baba mkwe. Shuleni kwetu hakuwepo hata mmoja. Kwa nini? Na mwanangu hatachekwa?
Mama Kichanga, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi.

Mwaka 1984 nilikuwa mkunga kijana katika hospitali moja ya misheni hapa Dodoma, na mimi ndiye niliyeandika majina kwenye kadi za kliniki. Aprili 12 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari kule Dakawa, akitoka hapa kwenye Bunge kurudi Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 45. Mwalimu Nyerere alitangaza msiba mwenyewe redioni, na wodini walilia wazazi, wauguzi, hata wafagizi. Ninyi hamkuziona zile foleni za sabuni na sukari, bidhaa zimefichwa kwenye maghala ya watu. Mwaka 1983 Sokoine aliwavalia njuga wahujumu uchumi, na mnyonge akajiona ana mtetezi. Basi nikiuliza, “Mtoto tumwandike nani?” nilijibiwa Sokoine, Edward, au Moringe. Hata mtoto aliyekuwa anangojewa na jina la babu yake aliandikwa Sokoine.

Miaka michache baadaye nilikuwa naandika Emanueli na Baraka tena. Mama kijana aliyejifungua miaka ya tisini alikuwa bado mtoto siku ya msiba ule. Hakuwa na uchungu wa kuuweka katika jina.

Lakini angalia tunavyoandika majina yetu: la mtoto, la baba, la babu. Mume wako analo Sokoine katikati. Mwanao atakuwa nalo mwishoni, hata mkimwita Jayden. Watoto wake yeye hawatakuwa nalo kabisa, isipokuwa ninyi mkilirudisha mbele sasa. Mimi nasema mlirudishe. Jayden ni jina zuri, ila nalo lina wimbi lake: mjukuu wangu yuko chekechea hapa mjini, na mwalimu akiliita wanaitika zaidi ya mmoja. Kuchekwa usikuogope. Watoto wa leo wanalijua Sokoine kwa chuo kikuu cha kilimo Morogoro na uwanja wa mpira Mbeya.

Hilo la Jayden mwiteni nyumbani. Ila mkubaliane mapema, maana kizazi kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 90, na jina la kwenye cheti ndilo litakalomfuata shuleni hadi kitambulisho cha taifa cha NIDA. Nimeona vijana wanahangaika na viapo vya mahakamani kwa sababu nyumbani ni huyu, kwenye karatasi ni yule.

Jambo moja barua yako haikusema. Mama mkwe anataka. Baba mkwe je? Jina ni lake, kaishi nalo miaka yote hiyo na anajua uzito wake. Mpelekeeni mtoto ampakate, mumuulize yeye kabla hamjaenda kusajili.