Nataka kurudi kwenye shabaha, mke wangu hataki: ninunue kasha gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 44. Ujanani nililenga shabaha kwa miaka saba, kwanza bunduki ya upepo ya mita 10, baadaye bunduki ya risasi ndogo, .22, ya mita 50. Niliacha mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, miaka 13 iliyopita. Bunduki yangu ya .22 iko kwa kaka yangu pamoja na visanduku vichache vya risasi za wakati ule. Sasa nataka kurudi, ila mke wangu amesema neno moja tu: "Sitaki kuona bunduki ndani ya nyumba hii." Naomba ushauri wa kitaalamu. Nianzie wapi, bunduki na risasi hizo bado zinafaa, na ninunue kasha gani la chuma ili mwenzangu atulie?

JIBU: Marahaba. Nitaanza na kasha, kwa sababu umeliweka mwisho ilhali ndilo lililobeba barua yako yote.

Usinunue kasha lolote. Soma tena maneno ya mke wako kama unavyosoma karatasi ya shabaha: angalia matundu yalipo, usiangalie ulikokuwa umelenga. Amesema hataki kuona bunduki ndani ya nyumba. Hajasema hataki ulenge shabaha. Pengine hilo nalo halitaki, lakini hujamuuliza. Umesikia "bunduki", ukakimbilia duka la makasha.

Makasha nayajua vizuri, nimefunga mengi kwa mikono yangu. Kasha zuri limefungwa kwa bolti ukutani, bunduki imo bila risasi, na risasi ziko mahali pengine zikiwa na kufuli yake. Hivyo ndivyo ninavyofundisha na sitabadili. Lakini mwanangu alipokuwa na miaka tisa alinishika mkono siku moja, akanipeleka stoo, akapanda kiti na kuniteremshia ufunguo wa kasha langu kutoka kwenye kopo la misumari. Alikuwa anataka kunisaidia tu, maana aliniona nautafuta. Nilikuwa nimeuficha pale miaka miwili, najiona hodari. Mtoto wako ana miaka 13. Chochote kinachofichwa ndani ya nyumba yako, yeye anajua kilipo.

Lipo jambo zito kuliko hilo, nalo wengi wa wenzangu hawapendi kulitamka mbele ya wanafunzi. Utafiti wa miongo kadhaa umeonyesha kwamba nyumba yenye bunduki ina hatari kubwa zaidi ya mtu kujiua kuliko nyumba isiyo nayo, na hatari hiyo inawagusa wote wanaoishi humo, mwenye bunduki akiwemo. Kasha linamzuia mtoto na mwizi. Halimzuii mwenye ufunguo siku ambayo dunia imemgeukia. Kwa hiyo mke wako hana woga wa kijinga. Amesema kitu ambacho mimi, ninayeishi kwa kazi hii, nakubaliana nacho: bunduki isilale nyumbani.

Na hilo halikuzuii kulenga shabaha hata kidogo. Klabu nyingi zina ghala lenye ulinzi ambamo wanachama huacha silaha zao, na nyingi zina bunduki za klabu za kuazima kwa wanaoanza na wanaorudi. Unaingia uwanjani mikono mitupu, unatoka mikono mitupu. Mwenzi anayeogopa silaha iliyo nyumbani na mwenzi anayechukia mchezo wenyewe ni watu wawili tofauti, na mpaka sasa hujui umeoa yupi.

Sasa ile .22 iliyo kwa kaka yako. Kabla ya kuigusa, ulizia hali ya kibali chako. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, lakini silaha iliyosajiliwa kwa jina lako na kukaa miaka 13 kwa mtu mwingine ni jambo la kupeleka kwa mamlaka husika wewe mwenyewe, mapema, kabla hawajakutafuta. Usiipakie kwenye gari eti unaipeleka kwa fundi. Uliza kwanza namna halali ya kuihamisha. Kaka yako naye ana haki ya kujua amekaa na nini miaka yote hiyo.

Ikishafika kwa fundi wa silaha kihalali, asiifyatue kwanza. Atoe bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, amulike mtutu kutoka upande wa chemba, risasi inapokaa, aone kutu. Mafuta ya kuhifadhia yaliyobaki ndani ya mtutu yasafishwe kabla ya risasi ya kwanza kupita. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kifyatulio. Bunduki ya mashindano ina kifyatulio chepesi mno, na mafuta yaliyoganda humo huweza kukifanya kishike nusu: unafunga bolti, bunduki inajifyatua bila kidole. Fundi huijaribu ikiwa tupu, anafunga bolti kwa nguvu mara kadhaa, anagonga kitako kwa nyundo ya mpira, anatazama kama inabaki imekaza, yaani haijajifyatua. Isipobaki, haitoki kwenye meza yake.

Risasi za zamani zina jibu fupi. Zilizokaa pakavu na pa baridi hudumu miongo. Zilizokaa kwenye joto na unyevu, au zenye ukungu wa kijani au unga mweupe, au zinazocheza ukizizungusha kwenye ganda lake, zikabidhiwe klabu au mamlaka ziharibiwe. Usizitupe kwenye takataka. Hata zikionekana safi, mimi nisingezitumia. Kinachokusumbua na risasi iliyochoka ni namna inavyokufa. Ukifyatua ikabaki kimya, weka mtutu uelekee shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo ufungue, maana kuna risasi huchelewa kuwaka. Na ukisikia "puf" badala ya mlio uliouzoea, simama hapo hapo. Huenda risasi imekwama katikati ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake umeumaliza. Ninao mtutu wa namna hiyo ukutani kwangu, umevimba katikati kama nyoka aliyemeza yai. Aliyeuvimbisha alikuwa mzoefu kuliko wewe, tena alikuwa anamaliza "visanduku vichache vya zamani".

Kwa hiyo, iache .22 itafute njia yake taratibu. Wewe rudi kwa bunduki ya upepo ya mita 10, ya klabu. Najua wa mita 50 huiona hiyo kama kurudishwa darasa la kwanza. Ikumbuke vizuri: kirisasi kina upana wa milimita 4.5, na nukta ya alama kumi, katikati ya shabaha, ina kipenyo cha nusu milimita. Yaani unachokirusha kina upana mara tisa ya unachokilenga. Risasi 60 kwa dakika 75, alama zinahesabiwa kwa desimali mpaka 10.9, na iko kwenye Olimpiki tangu 1984. Hakuna mahali unapoadhibiwa haraka kuliko hapo ukivuta kifyatulio vibaya, kwa sababu kirisasi ni cha polepole na kila mtikisiko unaofanya kabla hakijatoka mtutuni unaonekana kwenye karatasi.

Utakayoyakuta yamebaki yatakushangaza. Kidole kinakumbuka. Katika wiki chache utavuta kifyatulio karibu kama zamani. Kilichoondoka ni utulivu wa kusimama: kiuno, misuli midogo ya mgongo, vifundo vya miguu. Kilengeo kitakuwa kinaogelea kuizunguka shabaha kwa duara ambalo ujanani usingelivumilia, na kishawishi chako kitakuwa kulinyakua kumi linapopita. Usinyakue. Mwezi wa kwanza wanafunzi wangu wanaorudi nawanyang'anya karatasi kabisa, wanalenga ukuta mweupe mtupu. Dakika 20 za kushika bunduki bila kufyatua, mapumziko, halafu tena. Wananuna kidogo, lakini wanarudi wiki inayofuata.

Macho nayo. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa, na kilengeo cha mbele, ambacho ndicho jicho linapaswa kukiona kwa ukali, kinaanza kuwa na ukungu. Utajikuta unaiona shabaha vizuri na kilengeo vibaya, na utadhani mkono umeharibika. Nenda kwa daktari wa macho, mweleze umbali wa kutoka jichoni mpaka kilengeo cha mbele, si umbali wa shabaha. Miwani ya kusomea haitakusaidia, ni ya karibu mno. Tundu dogo zaidi kwenye kilengeo cha nyuma nalo linaongeza ukali, kwa gharama ya mwanga.

Mambo mawili utakayoyaleta nyumbani hata kama bunduki haiji. La kwanza ni risasi yenyewe, nikimaanisha madini. Kiswahili kimetumia neno moja kwa kitu cha bundukini na kwa madini yale mazito, na kwa kazi yangu hilo ni onyo zuri, kwa sababu unashika kimoja unaondoka na kingine vidoleni. Vumbi la risasi hukaa mikononi, kwenye nywele, kwenye mikono ya shati na chini ya viatu. Kwa ubongo wa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Hivyo hakuna kula wala kunywa uwanjani, unanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, viatu vya shabaha vinabaki klabu, nguo zinafuliwa peke yake, na mtoto unamkumbatia baada ya kubadili. Uwanja wa ndani ambao hewa yake haisukumwi kutoka kwa mlengaji kuelekea shabaha, hama.

La pili ni masikio, ukirudi kwenye .22. Mlio wake huweza kufika desibeli 140, na sikio likishaharibika haliponi. Vaa vizibo ndani na vikinga juu yake. Mimi ninalenga kwa mkono wa kulia, sikio langu la kushoto ndilo lililokuwa karibu zaidi na mdomo wa mtutu, la kulia lilikingwa na kichwa changu mwenyewe. Basi la kushoto linapiga mluzi mchana na usiku kwa sababu ya misimu miwili ya ujeuri. Mke wangu akitaka kuniambia jambo la maana huzunguka kwanza upande wa kulia.

Turudi kwake mkeo. Kaa naye umuulize ni lipi hasa, halafu unyamaze. Miaka yote hii nimesikia wenzi wakitaja watoto, wakitaja kila Jumamosi kupotea, wakitaja pesa, na mara nyingine wakitaja tukio la zamani la bunduki ambalo mume hakuwahi kulisikia. Kila moja lina jibu lake, na kasha si jibu la mengi kati ya hayo. Kama ni muda, mpe saa: siku moja kwa wiki, kuondoka saa fulani, kurudi saa fulani, na siku ambayo mtoto anaumwa haihesabiki. Kama ni usalama, msimamizi wa uwanja amwonyeshe ghala, wewe ukiwa haupo, aulize anachotaka bila kukuangalia usoni. Usimwalike "ajaribu kidogo uone ilivyo tamu". Nimeona ujanja huo mara nyingi na haujawahi kunifurahisha. Usimwambie pia kwamba ya upepo "si bunduki". Ina mtutu na inatoboa, na yeye ana macho.

Kuna jibu moja likitoka kwake, au likiwa kweli hata asipolitamka, mazungumzo yameisha. Kama nyumbani kwenu kumewahi kuwa na vitisho, mkono kuinuliwa, pombe inayokuzidi, au kipindi ambacho wewe mwenyewe ulitamani usiamke, usirudi kwenye silaha sasa. Tafuta msaada wa hilo kwanza, kwa daktari au kwa mtu unayemwamini. Mimi nikijua, fomu yako siisaini, na mwalimu anayeisaini hakufanyii hisani.

Na usiende kwa siri. Mwanafunzi wangu mmoja alificha begi lake kwenye buti la gari kwa karibu mwaka, nyumbani akisema anabaki kazini. Alijisafisha vizuri, hata harufu ya mafuta ya bunduki hakuileta. Ganda moja la .22, dogo kuliko jino, lilibaki kwenye mfuko wa suruali, likaenda kugonga ndani ya mashine ya kufulia. Mke wake alilitoa, akaliweka katikati ya meza, akaenda kulala. Mwanafunzi huyo aliporudi uwanjani alikuja kurudisha funguo za kabati lake tu.

Ukishamuuliza na kupata jibu lake, niandikie alichosema kwa maneno yake, si kwa tafsiri yako. Akikubali, njoo klabu yoyote iliyo karibu nawe na viatu vyenye soli bapa na fulana ya mikono mirefu. Jaketi lako la zamani liache, halitafunga vifungo.