Miguu Yako Inafika Chini?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu anayeanza kabisa, anayetaka pikipiki ya kumpeleka kazini na kumrudisha, achague ipi? Mkataja Boxer, TVS na za Kichina, mkauliza pia kama anunue mpya au iliyotumika. Nililisoma swali nikiwa zamu, nikalala nalo, nikaamka nalo. Sababu ni kwamba wiki mbili zilizopita binti wa dada yangu, mwalimu wa ajira mpya aliyepangiwa shule ya milimani juu ya Uyole, huku Mbeya, alinipigia simu kuniuliza hilohilo: "Mamdogo, ninunue ipi?" Nilikuwa na mgonjwa mlangoni, nikamjibu harakaharaka: "Nunua ndogo, iliyotumika, uiangushe wee mpaka ujue." Tangu siku ile jibu langu linaniwasha, na sasa ninyi mmelikuna.

Mimi ni nesi katika zahanati ya kijijini, upande wa milima ya Uporoto. Nakaa Uyole. Kila siku ya kazi napita Igawilo, napanda na barabara ya Tukuyu mpaka karibu na Isyonje, halafu naacha lami naingia barabara ya udongo. Wanaoijua njia hiyo sihitaji kuwaeleza ukungu wa saa moja asubuhi, ule ambao taa ya lori unaiona lori likiwa limeshakufikia. Wala baridi ya Juni na Julai, vidole vinapokufa ganzi mpaka huna hakika kama umebana klachi au umeishika tu.

Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa mpya, injini yake ya ukubwa wa cc 150. Muuzaji aliniambia milima inataka nguvu, na hakunidanganya. Kule juu ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na injini ya kabureta isipopata hewa ya kutosha inakosa nguvu. Pikipiki inayopanda vizuri ikiwa Dar es Salaam, huku inabidi uishushe gia mapema. Hayo yote aliyajua. Ila hakuniuliza urefu wangu, na mimi sikujua kwamba ni jambo la kuulizwa. Mimi ni mfupi. Pale dukani, kwenye sakafu ya vigae, nilikaa juu ya kiti, ncha za vidole vya miguu zikagusa chini, nikaridhika. Nikalipa.

Wiki ya tatu, mwezi wa Machi, mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilikuwa nimefunga nyuma lile boksi la bluu la kubebea chanjo, nimelikaza kwa vipande vya mpira wa tyubu, kwa sababu ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Lami nikaimaliza salama. Kwenye udongo nikaweka gia ya pili, resi ndogo, mlima upande wa kulia, bonde kushoto, naenda taratibu kama nilivyofundishwa. Mbele nikakuta fuso linapakia viazi. Dereva ameweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, zimepangwa ukingoni, njia iliyobaki ni upana wa kitanda, tena upande wa bondeni. Ningepita. Nilikuwa nimeshaipima kwa macho na nilikuwa naipita.

Nyuma ya fuso akatokea kijana na lumbesa mgongoni, ameinama, haoni mbele. Nikabana klachi, nikashika breki zote mbili polepole, pikipiki ikasimama wima pale nilipotaka isimame. Hapo sikufanya kosa lolote, na mpaka leo nasema hivyo. Kosa lilikuwa ndani ya kusimama kwenyewe. Nilishusha mguu wa kushoto. Ukingo wa barabara ulikuwa umeliwa na maji, uko chini kama shubiri moja kuliko pale tairi lilipokuwa. Buti langu likatafuta ardhi, halikuikuta. Likazidi kushuka, pikipiki ikaanza kuinama kunifuata, na ncha ya buti ilipogusa, iligusa tope linaloteleza. Pikipiki ina zaidi ya kilo mia moja. Ikishainama kupita kiasi fulani, hakuna mkono wa mtu utakaoirudisha. Ilianguka polepole. Nilikuwa na muda wa kuona inaanguka.

Mguu ukabaki chini yake. Injini bado inanguruma, gurudumu la nyuma linazunguka hewani na kunirushia tope usoni, petroli inachuruzika kutoka kwenye mfuniko wa tanki na kuingia kwenye koti langu. Nilinyoosha mkono kuutafuta ufunguo, sikuufikia. Jambo nililokuwa naliwaza ni lile boksi. Niligeuza shingo nikaliona bado limefungwa, mpira umeshika, mfuniko haujafunguka, na nilishukuru kwa sauti huku mguu unauma.

Waliokuja kwanza ni akina mama waliokuwa wanachambua viazi. Yule kijana wa lumbesa akautupa mzigo wake, akazima ufunguo. Mama mmoja mtu mzima, kanga imefungwa kifuani juu ya sweta, mabuti ya mvua mpaka magotini, akashika keria, wengine wawili wakashika usukani, wakahesabu, wakaiinua kama wanavyoinua gunia. Yule mama hakunipa pole kwanza. Alinitazama nilivyosimama kwa mguu mmoja, akaitazama pikipiki, akaniuliza:

"Nesi, miguu yako inafika chini?"

Nikamwambia, "Haifiki, mama."

"Sasa ukisimama, unasimama na nini?"

Sikuwa na jibu. Akaniosha mguu kwa maji ya dumu, akaukaza kwa kitambaa alichokichana palepale. Nikamwambia "ndaga fijo", neno la Kinyakyusa nililokua nalo, akatabasamu ingawa yeye ni Msafwa. Vijana wawili wakanisukumia pikipiki mpaka zahanati, nao akina mama wa kliniki walikuwa wameshakaa kwenye benchi na watoto mgongoni. Chanjo zilikuwa bado baridi. Nilifanya kazi siku nzima nimekaa. Kifundo kilivimba wiki mbili, kioo cha pembeni kilivunjika, mkono wa klachi ulipinda, na baada ya miezi miwili niliiuza kwa hasara kwa kijana mmoja wa bodaboda, mrefu. Bado anayo. Tunapishana naye Igawilo na ananipigia honi. Hajawahi kuilalamikia.

Kwa hiyo mnaponiuliza Boxer au TVS, sina ugomvi na yeyote. Spea za zote mbili zimejaa Mwanjelwa mjini, na hata kwenye vijiji vidogo fundi anazifungua gizani. Za Kichina nazo ni nafuu na zina spea zake. Ninachotaka mnunuzi afanye ni kuvaa viatu vyake vya kazini, kukaa juu ya kiti, kutua nyayo zote mbili chini, kisha kuiinamisha kidogo kushoto na kulia aone kama anaweza kuirudisha. Aiweke kwenye stendi kubwa mwenyewe na kuitoa mwenyewe. Aisukume kinyumenyume. Muuzaji akichukia, atoke aende duka la jirani.

Na iwe cc 125 kurudi chini. Hata leseni zetu zimeuweka mpaka hapohapo: daraja A1 ni pikipiki zisizozidi cc 125, zinazozidi ni daraja A. Anayeanza aanzie pale sheria ilipomwanzishia.

Sasa, nimeandika "kurudi chini" kana kwamba udogo ni dawa, na lazima niseme ukweli wote. Baada ya kuuza ile kubwa nilinunua cc 100 iliyotumika, fupi, nyayo zangu zikatua chini vizuri kabisa. Nilipanda nayo Igawilo kwa gia ya kwanza na ya pili, malori ya kwenda Kasumulu mpakani yakiwa mgongoni kwangu yananipulizia honi, wengine wakinipita kwenye kona kwa sababu wamechoka kunifuata. Kwenda polepole mno kwenye mlima wa malori ni hatari ya namna yake. Nilikuwa salama nikisimama na si salama nikienda.

Tena ilikuwa imetumika kwenye mkataba wa bodaboda. Mnajua pikipiki ya mkataba inavyoishi: asubuhi mpaka usiku, abiria wawili, watatu, hesabu ya tajiri lazima ipatikane, oili inabadilishwa ikikumbukwa. Ile yangu ilikuwa inavuta upande wa kushoto. Niliiendesha miezi minne nikiamini kwamba pikipiki zote zinavuta hivyo na dereva kazi yake ni kuirudisha kati. Siku fundi mmoja wa Uyole alipoichukua kwenda nayo dukani na kurudi, alishuka akaniuliza nani alinifundisha kuendesha kitu cha namna hii. Zile nguzo mbili zinazoshika gurudumu la mbele zilikuwa zimepinda kwa ajali ya zamani, viatu vya breki ya nyuma vimekwisha, tairi kipara. Mtu mwenye uzoefu angeligundua hilo kabla ya kumaliza mtaa mmoja. Mimi sikuwa na cha kulinganisha nacho.

Ndiyo maana naifuta ile kauli niliyompa binti yetu. "Iliyotumika, uiangushe wee" ni ushauri wa mtu anayeijua pikipiki akimpa mtu asiyeijua. Mgeni ndiye anayehitaji chombo kinachofanya kazi sawasawa, ili akiyumba ajue ni yeye aliyeyumba. Kama hela inaruhusu, mpya, cc 125, kiti kifupi. Kama hairuhusu, basi anunue ya mtu anayemfahamu na aende na fundi wake mwenyewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji hafai.

Lakini hata hapo nasita. Siku hizi kwenye huduma za mkoba, tunapowafuata watu vijijini, naendesha ile ndefu ya zahanati, ya aina ya XL, ambayo ni ndefu kuliko ile cc 150 iliyoniangusha, na siiangushi. Nimejifunza kuchagua pa kusimama kabla ya kusimama, nasogeza kiuno upande mmoja wa kiti, natua mguu mmoja tu, ule wa upande wa mlima. Nimejifunza kushuka mteremko kwa gia ileile ambayo ningepandia, injini inanishika na breki zinapumzika. Nimejifunza kwamba kwenye tope breki ya mbele inaguswa tu, ukiibana gurudumu linateleza na umelala. Basi labda ile pikipiki ya kwanza haikuwa na kosa, na mwenye mapungufu nilikuwa mimi wa wiki tatu. Nalikubali hilo nusu. Nusu nyingine nasema: mtu wa wiki tatu ndiye huyohuyo mnayemuuliza swali.

Anayekaa Soweto na kufanya kazi Kabwe, hapa Mbeya mjini, asinisikilize sana. Cc 100 inamtosha, shida yake ni bajaji, vumbi na michepuko ya upanuzi wa barabara kuu. Wa Iringa mjini, anayetoka Kihesa kwenda Miyomboni, vivyo hivyo. Wa Makete na Njombe vijijini ananielewa bila maelezo. Na wote, kofia ngumu iwe inayokubana kichwani, isiyogeuka unapotikisa kichwa, na kamba ifungwe. Nimewapokea wengi ambao kofia ilikuwa imening'inia kwenye kiwiko.

Nilimpigia tena binti yetu juzi usiku. Akiba yake inatosha iliyotumika tu. Mpya itabidi akope, na sipendi aanze mshahara wa kwanza na deni. Kwa hiyo jibu langu kwake, baada ya maneno yote haya, ni kwamba asinunue sasa. Mvua bado zinanyesha, na ile njia ya shule yake naifahamu. Apande Kosta mpaka njia panda, amalizie kwa bodaboda, aendelee kuweka akiba mpaka Juni, barabara zikikauka. Amenuna kidogo, kwa sababu nauli ya mwezi mzima si ndogo na anaihesabu.

Nimemwahidi kwamba Jumamosi hii aje Uyole, nitampa yangu kwenye uwanja wa mpira asubuhi kabla watoto hawajaja. Hatavuta gia ya pili. Ataondoka na kusimama, ataondoka na kusimama, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mpaka mimi niseme basi. Na aje na viatu vyake vya kwendea darasani.