Tunaliombea taifa na mambo yanazidi kuharibika. Je, Mungu ametupa kisogo?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama, mshirika wa kanisa moja hapa Nakuru. Kila mwisho wa mwezi tunafanya kesha la kuiombea Kenya, tukisimama na 2 Nyakati 7:14. Miaka inapita, ufisadi unazidi, uongo umekuwa kawaida, vijana wamezama kwenye kamari. Juzi mheshimiwa mmoja alikuja ibadani na bahasha ya ujenzi. Akapewa kipaza sauti, akawarushia wapinzani wake maneno pale pale madhabahuni, nasi tukapiga makofi. Kijana wangu alitoka nje, na tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani. Je, Mungu ameipa Kenya kisogo? Nami nifanyeje?

JIBU: Asifiwe milele, mama.

Hebu tuusome tena mstari wenu wa kesha. "Ikiwa watu wangu, walioitwa kwa jina langu, watajinyenyekesha, na kuomba, na kunitafuta uso, na kuziacha njia zao mbaya..." Maneno hayo Mungu alimwambia Sulemani, baada ya hekalu kuwekwa wakfu, kuhusu Israeli. Kenya haijawahi kuwa Israeli. Katiba yetu ya 2010 inaanza kwa kumtambua Mungu Mwenyezi, na ni vizuri, lakini kifungu cha 8 kinasema taifa halina dini rasmi. Leo wanaoitwa kwa jina lake ni kanisa. Basi tukiuchukua mstari huo kama ahadi, tuuchukue pamoja na sharti lake, na sharti halikuwekwa bungeni wala Ikulu. Liko kwetu. Nimehudhuria makesha mengi. Kuomba tunaomba hadi sauti zinakauka. Pale pa kuziacha njia zetu mbaya ndipo tunapopita haraka.

Ulilolieleza la mheshimiwa na bahasha limo kwenye Biblia karibu jinsi lilivyo. Fungua Amosi sura ya 7. Amosi, mchungaji wa kondoo na mtunza mikuyu, anafika Betheli kukemea wanaowauza maskini kwa jozi ya viatu. Anayemfukuza ni kuhani Amazia, wala si askari wa mfalme: "Usitabiri tena huko Betheli, kwa maana ni mahali patakatifu pa mfalme, nayo ni nyumba ya kifalme." Soma polepole, mama. Kuhani mwenyewe anakiri kwamba madhabahu imekwisha kuwa mali ya mfalme. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi kuliko kamari na kuliko wizi wa hazina. Wezi wako katika kila nchi. Nchi inapotea pale ambapo aliyetumwa kumkemea mwizi anamwandalia kiti cha mbele.

Haikuwa hivi siku zote. Wakati wa uchaguzi wa mlolongo mwaka 1988, watu walipopangwa foleni nyuma ya picha za wagombea na wenye foleni fupi wakatangazwa washindi, ni maaskofu waliosema wazi kwamba huo ni wizi: David Gitari, Henry Okullu, Alexander Muge. Gitari alivamiwa nyumbani kwake usiku mwaka 1989. Muge alifariki katika ajali ya barabarani Agosti 1990 akitoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumtishia hadharani asikanyage huko. Walikuwa na kasoro zao kama sisi sote, lakini walikuwa na uhuru wa kusema.

Uhuru huo haujafa. Septemba 2021, kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kianglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibada. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza shilingi milioni 2.6 alizotoa rais katika kanisa la Soweto zirudishwe. Wengine walisema ni kiburi, kwamba kanisa linahitaji paa. Ni kweli linahitaji. Lakini mheshimiwa anayetoa kwa ajili ya Bwana anaweza kuitia sadaka yake kikapuni kama mama muuza mboga, bila kipaza sauti. Akikataa sharti hilo, umeshajua alikuwa ananunua nini.

Hapa sitakuacha bila neno gumu. Mimbara zetu zikisema maadili yameporomoka, mara nyingi zinazungumzia sketi za wasichana na simu za vijana. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watu, "Tufanye nini?" (Luka 3), aliwagusa kazini. Watoza ushuru: msitoze kitu zaidi ya mlivyoamriwa. Askari: msidhulumu mtu, mtoshewe na mishahara yenu. Katika kesha lenu wamo karani wa ardhi, mwalimu, polisi wa trafiki, mwenye duka. Kila mmoja aiombee Kenya akianzia mezani pake. Vijana wetu wamempa rais jina la Zakayo kwa sababu ya kodi, na wanacheka. Lakini Zakayo wa Luka 19 alirudisha mara nne.

Sasa wewe, mama. Mwendee mchungaji wako faraghani kwanza, kama Mathayo 18 inavyoagiza, bila kumwaga jambo kwenye WhatsApp. Mweleze ulivyoumia. Asiposikia, nenda na mzee mmoja au wawili, kisha jambo lifike kwenye kikao cha wazee kama pendekezo: hakuna mwanasiasa kuhutubia ibada, na kila mchango uandikwe na usomwe na mhazini. Kesha liendelee, Paulo anaagiza tuwaombee wenye mamlaka (1 Timotheo 2), hata hawa.

Na kijana wako, usimwambie amerudi nyuma kiimani. Alitoka nje kwa sababu alidhani madhabahu ni takatifu, na hilo alilijifunza kwako. Mwambie ulipiga makofi na kwamba hukupaswa. Kisha mwalike aje nawe kwenye kikao hicho cha wazee, maana uchaguzi wa 2027 ukikaribia mheshimiwa atarudi, na uamuzi uwe umeshapitishwa na kuandikwa kabla hajafika mlangoni.