Kabla hujawasha IPv6, kazitazame kwanza ruta za wateja

Mzee mmoja mwenye duka la dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, alifunga kamera dukani kisha akavuka ziwa kwenda Kalemie. Kila akifungua simu atazame duka, picha haiji. Akanipigia: "Kijana wangu, kila mwezi nalipa, mbona duka langu silioni?"

Kamera ilikuwa nzima, kosa lilikuwa letu sisi tunaomuuzia intaneti. Tulikuwa tumewarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IPv4, yaani mfumo wa zamani wa namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, kwa hiyo aliye nje hakuwa na njia ya kuifikia ruta ya mzee, kile kifaa kinachogawa intaneti dukani. Anwani hizo ni kama bilioni 4.3 tu duniani kote, na IANA, taasisi inayosimamia anwani hizo duniani, iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kwetu Afrika, tangu Januari 2020 AFRINIC, shirika linalozigawa barani, haitoi zaidi ya 1,024 kwa ombi moja.

Tukaomba IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi mno. Kuzipata kulikuwa rahisi, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa inatusubiri majumbani. Tulipita Mwanga mpaka Ujiji tukikuta ruta za bei nafuu ambazo IPv6 hazina kabisa, au zinayo lakini imezimwa, na mwenye nyumba hajui neno la siri la kuingilia. Huwezi kumwambia mama anayeuza vitenge anunue ruta nyingine kwa jambo asiloliona. Ndugu yangu unayeuza intaneti mkoani, anza na wateja wapya: usiwafungie ruta ambayo hujaijaribu mwenyewe. Wa zamani wabadilishie kila ruta inapoharibika. Ni polepole, lakini simu za malalamiko hazitakuzidi.

Jambo lililonikosesha usingizi ni usalama. Kwenye IPv4, ile hali ya kuchangia anwani ilikuwa inavificha vifaa vya ndani. Kwenye IPv6 kila kifaa kinaweza kuwa na anwani yake inayofikika kutoka nje, kama hakuna faiawoli, yaani ukuta wa kuzuia wasioruhusiwa. Tuliwasha katika jengo moja la ofisi, na usiku huohuo, nikiwa nyumbani, nikafungua ukurasa wa mipangilio wa printa yao bila kuulizwa chochote. Nilirudi ofisini usiku uleule. Sheria za faiawoli za IPv4 hazihami zenyewe, ziandike upya kabla ya kuwasha.

Pia muulize anayekuuzia intaneti ya jumla kama anapitisha IPv6, na umuulize kabla ya kusaini mkataba.

IPv4 hutaiacha leo, maana tovuti nyingi bado ziko huko peke yake. Endesha zote mbili. YouTube na Facebook zikipita IPv6, zile anwani chache mnazochangia zinapumua.

Mzee wa Kibirizi IPv6 haikumfaa, kwani laini yake ya Kalemie haikuwa nayo. Tulihamishia IPv6 usimamizi wa redio za minara yetu, zile zinazorusha intaneti kwa wateja, tukaokoa anwani kadhaa za IPv4, na moja tukampa awe nayo peke yake.