Kabla Hujakigawa Kifurushi, Mwangalie Anayekipakua

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba programu yake ya duka la dawa imenenepa. Kila kitu kimo ndani ya kifurushi kimoja cha Debian (yaani faili ya kusakinisha programu kwenye Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux), na wenzake wanavutana: kigawanywe au kibaki? Ndugu yangu, swali hilo nimelipigania kazini mpaka nikaitwa mkorofi.

Kwetu ulikuwa mfumo wa SACCOS. Programu ya karani, sehemu ya seva, miongozo ya PDF na video za mafunzo, vyote pamoja. Ukirekebisha kosa dogo kwenye hesabu ya riba, tawi la Sumbawanga linapakua zigo zima upya, video zikiwemo, kwa bando la simu ya karani. Wengine waliacha kabisa kusasisha, wanachama wakaendelea kukatwa riba isiyo sahihi.

Nilipopendekeza tugawe, mkuu wangu alisema mbele ya kikao kizima kwamba naleta utitiri na kazi siijui. Maneno yale yananiuma hadi leo. Sikurudi nyuma. Mwezi huu tumetoa marekebisho mengine ya riba, na kwa mara ya kwanza matawi yote yako kwenye toleo moja. Najivunia sana.

Sasa sikiliza kilichonifikisha hapo. Sikugawa kwa kufuata msimbo, niligawa kwa kufuata watu. Mradi ulipokubaliwa, wenzangu walitaka kila moduli iwe na kifurushi chake: riba, risiti, ripoti. Nikakataa. Hakuna karani anayehitaji risiti bila riba. Vinavyotumika pamoja na kubadilika pamoja, viache pamoja. Lakini karani hahitaji seva, na video anaitazama mara moja tu. Debian wenyewe hufanya hivyo: mtumiaji hupata maktaba (msimbo ambao programu nyingi huutumia kwa pamoja), mtengeneza programu huongeza kifurushi ambacho jina lake huishia na -dev, na miongozo mikubwa hukaa kwenye -doc.

Mradi wa X.Org, wanaotengeneza mfumo wa kuonyesha madirisha na picha kwenye Linux, ulipitia njia hii. Desemba 2005 walitoa matoleo mawili, X11R6.9 na X11R7.0, kwa pamoja, msimbo uleule, moja ikiwa bonge na nyingine imegawanywa kwa moduli. Kuanzia hapo draiva ya kadi ya picha iliweza kutoka peke yake bila kusubiri mfumo mzima. Hiyo ni sababu ya kugawa.

Kugawa kwa sababu tu inapendeza machoni kuna gharama. Machi 2016, kifurushi cha left-pad chenye mistari 11 kiliondolewa na mwenyewe kutoka npm, ghala la mtandaoni la vifurushi vya lugha ya JavaScript, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa, ikiwemo Babel, zana maarufu ya JavaScript. Kila kipande unachokitenga kinadai mtu wa kukitunza, namba yake ya toleo na siku yake ya kuleta matatizo. Kama timu yenu ni ya watu wawili, msijitwishe vipande ishirini.

Na ukishaamua, heshimu wale ambao tayari wanakitumia. Faili ikihama kutoka kifurushi kimoja kwenda kingine, dpkg, programu inayosakinisha vifurushi vya Debian, itagoma na kuandika "trying to overwrite" (inajaribu kuandika juu ya faili ya kifurushi kingine), na karani hatajua afanye nini. Kwenye maelezo ya kifurushi kipya andika Breaks (kisichoweza kukaa nacho) na Replaces (ambacho faili zake kinazichukua), ukitaja matoleo yaliyotangulia mgawanyo. Jina la zamani libaki kwa kile ambacho wengi wanakihitaji.

Video zisiwekwe kwenye Depends, orodha ya vifurushi vya lazima, maana zitapakuliwa vilevile na utakuwa hujagawa chochote. Hata Recommends, yaani vinavyopendekezwa, apt (programu inayopakua vifurushi) huvivuta kwa kawaida yake. Weka Suggests, vya hiari tu. Halafu chukua mashine yenye toleo la zamani, isasishe kwa bando la simu yako mwenyewe, uone kinachoshuka, ndipo uwapelekee watu wa matawini.