Kabla ya kupiga Windows mpya, soma kasi ya prosesa

Kompyuta ya nyumbani ikianza kujikokota, ushauri wa kwanza utakaopewa ni "piga Windows mpya". Wa pili ni "ongeza RAM". Wa tatu, kanunue nyingine. Inaniuma kuona watu wanavyotoa hela kwa ushauri huo, na wengine wanapoteza picha za familia na kazi za chuo kwenye hiyo Windows mpya, kumbe ugonjwa uko kwenye chaja.

Anza hivi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha nenda Performance na uchague CPU, yaani prosesa, ubongo wa kompyuta. Chini ya mchoro pameandikwa "Speed", hiyo ndiyo kasi ya sasa hivi, kwa kipimo cha GHz. Pembeni yake kuna "Base speed", kasi ya msingi ya prosesa yako. Ukikuta kasi ya sasa iko chini wakati mashine haina kazi, usishtuke. Prosesa hupunguza mwendo makusudi ili isile umeme bure. Ipe kazi kwanza: cheza video kubwa mbili kwa pamoja, au fungua faili zito la zipu. Tupia jicho na diski pia. Kama diski imejaa 100% muda wote na prosesa imetulia, shida yako ni diski, na dawa yake mara nyingi ni kuweka SSD, diski ya kisasa yenye kasi zaidi.

Lakini kama prosesa ina kazi tele na kasi haipandi, kaa uitazame hiyo namba. Inavyocheza, au inavyogoma kucheza, ndiyo itakayokuonyesha pa kushika.

Laptop ya dada yangu ina prosesa ya Intel Core i5-8250U. Kasi yake ya msingi ni 1.6 GHz, na ikipata nafasi hupanda hadi 3.4. Nilipoifungua nikakuta 0.39, imeganda hapo hapo. Haipandi, haishuki, hata uipe kazi gani. Ukiandika herufi, inachelewa kutokea kwenye skrini. Nikapapasa chini ya mashine: baridi kabisa. Basi joto si mshtakiwa. Nikachomoa chaja, mashine ikabaki kwenye betri, na baada ya muda mfupi namba ikapanda kupita 2. Nikachomeka tena, ikaporomoka hadi 0.39.

Chaja ile haikuwa ya awali. Ya awali ilikatika waya, akanunua nyingine dukani, na taa yake ilikuwa inawaka vizuri. Sasa, laptop nyingi zenye pini ndogo katikati ya kichwa cha chaja huitumia pini hiyo kuitambua chaja: ni ya wati ngapi? Umeme wenyewe hupita kwenye bati la ndani na la nje la kile kichwa. Ile pini ya katikati ni ya mawasiliano tu. Ikikosa jibu, mashine inaamini chaja ni dhaifu, inaacha kuchaji betri na kuishusha prosesa hadi kasi ya chini kabisa ili isizidiwe. Ishara inayotumika mara nyingi inaitwa BD PROCHOT. Kazi yake ya asili ni kutangaza kuwa joto la prosesa limezidi, ila sehemu nyingine za ubao mkuu wa kompyuta nazo zinaruhusiwa kuitumia. Ndiyo maana prosesa inaweza kupunguza mwendo huku ikiwa baridi.

Kwa hiyo ukiona 0.39 au 0.79 isiyotikisika, azima chaja halisi ya aina ya laptop yako, yenye wati sawa na ile ya awali au zaidi, ujaribu kabla hujanunua chochote. Kagua pini kama imepinda. Chaja nzuri nayo ikikataliwa, tundu la kuchajia ndilo la kuchunguzwa. Kwenye laptop nyingi ni kipande kidogo chenye waya wake, kinabadilishwa bila kugusa ubao.

Namba ikianza juu kisha ikaporomoka baada ya dakika kadhaa, huku feni inavuma, hilo ni joto. Programu ya bure ya HWiNFO itakuonyesha nyuzi. Prosesa hiyo ya i5 ina kikomo cha nyuzi 100, na ikikaribia hapo inajipunguza yenyewe. Kupuliza kwa nje mara nyingi hakusaidii, kwa sababu vumbi hujibana kati ya feni na mapezi, vile vibati vyembamba vya kupoza, mpaka linakuwa kama blanketi. Lazima ufungue, utoe feni, ulibandue kwa mkono. Ukishafika hapo, futa ile pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa na upake mpya.

Na kama kasi inafika ya msingi na kugoma kupita hapo, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, tafuta "Maximum processor state". Ikiwa 99%, prosesa za Intel kwa kawaida hazipandi kabisa juu ya kasi ya msingi. Weka 100.

Utakutana na video zinazokuelekeza kuzima BD PROCHOT kwa programu ya ThrottleStop. Kwa kupima tu, sawa. Kuiacha imezimwa siku zote huku unatumia chaja isiyojulikana siungi mkono hata kidogo, maana chaja inaweza kulazimishwa kutoa umeme isioumudu, nayo iko sebuleni kwako, pengine juu ya zulia.

Chaja halisi ikishindwa, chomoa betri kama mashine yako inaruhusu, uwashe kwa chaja peke yake. Kasi ikirudi, huenda betri ndiyo mbovu. Isiporudi, peleka kwa fundi mwenye mita anayepima ubao, umwambie hivi: "Imeganda kwenye 0.39 na chaja halisi, bila betri, ikiwa baridi." Akikujibu kwamba inahitaji Windows mpya, chukua mashine yako utafute fundi mwingine.